Likizo hii wapeleke watoto wakaone vitu vinavyotengenezwa

MSOMAJI, jaribu jambo moja leo jioni kabla hujaendelea na kazi zako. Mwite mtoto wako wa miaka tisa au kumi umuulize, “Simiti inatoka wapi?” Kama mnakaa Utange, anaona malori ya simiti kila siku barabarani, na pengine baba wa nyumba ya pili hutoka alfajiri kuwahi zamu. Hata hivyo usishangae mtoto akikujibu, “Dukani.” Muulize chumvi inatoka wapi. Dukani. Kamba ya kuanikia nguo? Dukani.

Si kosa lake. Nani aliyempeleka akaone? Likizo ikifika huwa tunawapeleka watoto ufuoni Jomo Kenyatta, tunawanunulia viazi karai na maji ya madafu, kisha jua likizama tunarudi nyumbani. Hilo ni jema na watoto hulifurahia. Lakini iko safari nyingine, isiyodai pesa nyingi zaidi ya hizo, ambayo mtoto akirudi atakuwa na hadithi ya kuwasimulia wenzake muhula mzima. Ni safari ya kutembelea viwanda na karakana.

Mimi mwenyewe nilijifunza safari hii kwa aibu. Jumamosi moja niliwapakia watoto watatu garini, tukaenda moja kwa moja hadi kwenye lango la kiwanda ambacho sitakitaja, kwani kosa lilikuwa langu. Bawabu alitupokea kwa salamu nzuri, kisha akauliza, “Mna barua?” Hatukuwa na barua. “Mna miadi na nani?” Hatukuwa na miadi. Akachungulia ndani ya gari. “Na huyu mdogo amevaa nini miguuni?” Amevaa ndara. Tukageuza gari. Kifungua mimba wangu akaniuliza kama tumefukuzwa. Nikamjibu kwamba hatukufukuzwa, tumekosa kubisha hodi.

Basi makala haya ni ya kukufundisha kubisha hodi.

KWA NINI MALANGO HUFUNGWA

Kwanza tuwaelewe wenye viwanda. Mahali penye mikanda inayozunguka, moto na magari ya kubebea mizigo, mtoto mmoja mtundu anaweza kuleta msiba. Penye chakula kuna suala la usafi. Na kila mwenye kazi ana siri zake ambazo hataki jirani azijue.

Hata huko ng’ambo mambo ni hayo hayo. Kampuni ya chokoleti ya Hershey huko Pennsylvania, Marekani, ilikuwa ikiwaruhusu wageni kupita ndani ya kiwanda chenyewe. Wageni wakazidi mno, na mwaka 1973 kampuni ikafunga mlango huo na kujenga jumba la pembeni la kuwaonyesha watu jinsi chokoleti inavyotengenezwa. Wenzao wa Cadbury, mjini Birmingham, Uingereza, nao walifungua jumba lao la wageni mwaka 1990.

Kwetu majumba ya namna hiyo ni haba. Kwa hivyo panga safari yako ukijua kwamba viwanda viko vya aina tatu. Kuna karakana zilizo wazi kwa mgeni yeyote, ambako unaingia, unasalimu, unalipa kiingilio kama kipo na kutazama. Kuna viwanda vinavyotaka barua na ruhusa, navyo hupendelea kupokea kikundi kuliko familia moja. Halafu kuna kazi ambazo hata ukiwa barabarani unaziona, wala huhitaji kuvuka lango. Safari nzuri huchanganya zote tatu, ili ukinyimwa moja siku yako isiharibike.

ANZIA MLANGONI PAKO

Mtu wa Utange hana haja ya kwenda mbali siku ya kwanza. Kiwanda cha Bamburi, ambacho wenyeji wengi hukiita Mtambo tu, kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Kilijengwa hapo kwa sababu ya jiwe. Ardhi yetu ya pwani imelala juu ya matumbawe ya kale, na matumbawe ni jiwe la chokaa. Jiwe hilo huchimbwa, likasagwa pamoja na udongo maalumu, kisha likachomwa katika tanuri refu linalozunguka polepole, kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, kwa hivyo mwambie mtoto apime mwenyewe ukali wa moto huo. Kinachotoka ni vidonge vigumu vya kijivu viitwavyo klinka. Klinka husagwa pamoja na jasi kidogo, na hiyo ndiyo simiti inayotiwa mifukoni.

Kuingia ndani kwenye tanuri ni jambo la barua na ruhusa. Lakini nusu ya hadithi ya kiwanda hiki unaweza kuiona bila barua yoyote, nayo ni ile ya shimo lililobaki jiwe lilipokwisha kuchimbwa. Machimbo ya mwanzo yaliachwa kama jangwa jeupe lililounguzwa na jua, lenye maji ya chumvi chini na lisilo na udongo. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja Mswisi, Rene Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu, na iliyoshinda zote ni mvinje.

Kukatokea tatizo lingine. Majani ya mvinje, ambayo ni kama sindano, yalianguka yakarundikana bila kuoza. Aliyeleta ukombozi ni jongoo. Majongoo walipoletwa walikula sindano hizo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Hatimaye miti mingine ikaota, samaki wakafugwa, wanyama wakaletwa. Njia ya kutembelea humo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1984, na mwaka 1999 mahali hapo pakaitwa Haller Park. Watoto watataka kumlisha twiga, nawe waache wamlishe. Lakini kabla ya kutoka, waonyeshe jongoo. Waambie kwamba mdudu huyu wanayemrukia kwa mayowe uani kwenu, hapa alikuwa mfanyakazi.

BOMBOLULU

Ukitoka Bamburi ukarudi kwa njia ya kuelekea daraja la Nyali, unafika Bombolulu. Karakana za hapa zilianzishwa mwaka 1969 na Chama cha Walemavu wa Viungo nchini Kenya, APDK, na ndizo rahisi kuzitembelea kuliko zote nitakazokutajia, kwa maana zilizoea wageni tangu zamani. Utawakuta mafundi wa vito vya shaba na shanga, washonaji, mafundi wa ngozi na wachongaji. Wengi wa mafundi wenyewe ni walemavu.

Hapa mzazi una kazi ya kufanya kabla hamjafika. Kaa na watoto uwaambie wazi kwamba mtawaona watu wanaotembea kwa magongo au kwa viti vya magurudumu, na kwamba wasikodoe macho wala kunong’onezana. Wawaamkie “Shikamoo” kama wanavyomwamkia mkubwa yeyote, kisha waulize habari ya kazi: “Waya huu unakunjwaje? Inachukua muda gani kumaliza mkufu mmoja?” Mtoto aliyezoea kumwona mlemavu akiomba pembeni mwa barabara, atakaa hapa akimwona mlemavu ni fundi, tena fundi anayewaajibisha wanafunzi wake. Funzo hilo peke yake latosha kuwa sababu ya safari.

CHANGAMWE KWA WACHONGAJI

Siku ya pili vukeni daraja la Nyali, mpite kisiwani na Makupa hadi Changamwe. Karibu na njia ya kwenda uwanja wa ndege, upande wa Port Reitz, kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanza mwaka 1963. Utasikia tezo zikigonga kabla hujawaona wachongaji. Wamekaa vibandani, mmoja anatoa umbo kwa tezo, mwingine analainisha kwa patasi, wengine wanapiga msasa na kupaka rangi ya viatu ili mti ung’ae.

Kazi hii ina historia ya kuwasimulia watoto. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu huko Ukambani, alijifunza kuchonga kwa mafundi wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918. Aliporudi nyumbani aliwafundisha jamaa na majirani, na kazi ikaenea mpaka ikawafuata watalii huku pwani.

Waulize pia wachongaji habari ya mti wenyewe. Zamani waling’ang’ania mpingo na muhugu, miti inayokua polepole sana. Misitu ilipopungua, wengi waligeukia mwarobaini, ule ule unaokua haraka ukingoni mwa mashamba yetu. Kama una mwarobaini uani, mtoto wako hatautazama tena kama mti wa dawa chungu tu. Na mkinunua kitu, hata kijiko, mnunulieni yule mliyemtazama akikichonga.

NJIA YA KASKAZINI

Siku ya tatu ndiyo ya safari ndefu. Tokeni Utange alfajiri, mshike barabara ya Malindi, mvuke Mtwapa. Mkikaribia Vipingo mtaona mkonge, safu kwa safu, pande zote mbili za njia. Asili ya mmea huu ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kuleta Tanganyika, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwa hiyo michache ndiko kulikotoka mashamba makubwa ya Tanga, na zao likaenea hadi kwetu.

Kuingia kiwandani, ambako majani hupondwa na mashine ili nyuzi zitoke, andika barua kwa wasimamizi wa shamba. Bila barua, bado mnaweza kuona mkonge shambani kutoka barabarani. Mpe mtoto hesabu ya kufanya njiani. Kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo 4 hivi za nyuzi kavu. Je, kamba ya kilo moja imekula majani kiasi gani? Akipata jibu, kwamba ni kilo 25 zilizokatwa kwa panga, zikafungwa mafungu na kubebwa juani, ataitazama kamba ya nguo kwa jicho jingine.

Mkifika Kilifi mtavuka daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo watu walivuka kwa feri. Mji huu nao una somo lake, ingawa si la furaha. Hapa palikuwa na kiwanda kikubwa cha korosho. Wakulima wa pwani nzima walileta korosho zao, na nyumba nyingi zilikula na kusomesha watoto kwa mshahara wake. Kilifunga milango mwishoni mwa miaka ya 1990. Huko kusini, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kimetangulia mwaka 1988. Waambie watoto wakubwa habari hiyo. Wajue kwamba kiwanda nacho huzaliwa na hufa, na kinapokufa si mashine peke yake zinazonyamaza. Kama babu au shangazi yenu alifanya kazi Kilifi au Ramisi, mchukueni katika safari hii. Hakuna mtembeza wageni atakayewaeleza vizuri zaidi.

Kabla ya Malindi mtafika Gede. Wengi huja kuona magofu ya mji ulioachwa katika karne ya 17. Mwambie mtoto aziguse kuta: ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo. Ndilo jiwe lile lile la Bamburi na ndio moto ule ule, ila wazee hawa hawakuwa na tanuri la kuzunguka.

Hapo hapo Gede upo mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, nao ni kiwanda cha ajabu kisicho na moshi. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi nyumbani, wakiwalisha majani ya msituni. Kiwavi akijifunga na kuwa pupa, huuzwa kwa mradi, na mradi humsafirisha kwa ndege hadi kwenye majumba ya maonyesho ya vipepeo huko Ulaya na Marekani. Ni lazima afike kabla hajapasua ganda. Mwenye pupa wa kuuza hana sababu ya kumpisha mkata miti, kwani bila msitu hana majani. Wageni huruhusiwa kuingia katika jumba la vipepeo na kutazama.

Mkiwa na nguvu bado, piteni Malindi, mvuke mto Sabaki na Mambrui hadi Gongoni. Huko chumvi inaonekana tangu mbali, imerundikwa kama vilima vyeupe. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, yakasogezwa bwawa hadi bwawa huku jua na upepo vikiyapunguza, mpaka chumvi ikabaki chini. Msiende wakati wa masika, kwani mvua huharibu kazi. Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, ndiyo mizuri zaidi. Safari ya kwenda na kurudi Utange ni ndefu, hivyo kama mna jamaa Malindi, lala kwao.

Na ikiwa likizo yenu ni ya kwenda bara, njia ya Nairobi nayo haikosi vya kuonea. Ukikata kushoto Voi, Mwatate kuna shamba kubwa la mkonge. Nairobi kwenyewe, mtaa wa Karen, kuna karakana ya Kazuri iliyoanza mwaka 1975, ambako akina mama hufinyanga shanga za udongo, na wageni hutembezwa.

BARUA YA KUBISHA HODI

Sasa turudi kwa ile barua niliyokosa mimi. Iandike wiki tatu au nne kabla, kisha piga simu kuuliza kama imefika. Si lazima iwe ndefu. Waweza kuandika hivi:

“Kwa Meneja. Sisi ni familia tatu za Utange, watu wazima wanne na watoto saba wa umri wa miaka 9 hadi 14. Tunaomba ruhusa ya kutembelea kiwanda chako kwa muda wa saa moja siku yoyote ya kazi katika wiki ya pili ya likizo, ili watoto waone kazi inavyofanywa. Tutafuata masharti yote ya usalama, na hatutapiga picha bila ruhusa. Tafadhali tujulishe kama kuna ada, na mavazi yanayotakiwa.”

Unaona kwamba tumesema familia tatu. Ungana na majirani, au umwombe mwalimu mkuu aandike kwa jina la shule, kwani meneja hupata wepesi wa kumtoa mfanyakazi mmoja kwa ajili ya watu kumi na mmoja kuliko kwa ajili ya watatu. Na usisahau kumwuliza mtu unayemjua. Ikiwa jirani yako anafanya kazi mahali fulani, yeye ndiye anayejua barua ipelekwe meza gani.

Chagua siku ya kazi, asubuhi. Jumapili utakuta mashine zimelala. Ijumaa adhuhuri mafundi wengi wa huku kwetu wako msikitini. Viatu viwe vya kufunika vidole. Leso, mitandio na nywele ndefu zifungwe vizuri, zisije zikanaswa. Chakula mkiache garini. Na mtoto wa chini ya miaka sita mwacheni kwa nyanya yake, ila mkienda Bombolulu, Gede au Haller Park.

MAJARIBIO YA NYUMBANI

Ikiwa majibu yatachelewa, au gari halipo na nauli ni tatizo, bado usikate tamaa. Nenda ufuoni Shanzu na chupa ya lita moja. Jaza maji ya bahari, rudi nayo Utange, uyamimine katika sinia pana na kuliweka juani mbali na kuku. Baada ya siku chache maji yatakwisha, na ndani ya sinia itabaki chumvi, gramu 35 hivi. Mtoto ataikwangua kwa kijiko na kuonja. Muulize basi, kujaza pakiti ya kilo moja kunahitaji lita ngapi? Karibu 29. Umemletea Gongoni uani kwake.

Kisha mpeleke jioni kwa yule jirani wa zamu. Amwombe amweleze kazi yake: huanza saa ngapi, husimama wapi, ni kitu gani huogopa. Mara nyingi tunawaona wazee hawa wakirudi wamechoka, wakinawa miguu na kukaa barazani bila maneno mengi, na watoto huwapita kama wanaopita nguzo. Mtoto aliyeona moto, tezo na mkonge hatampita hivyo. Atamwamkia, na pengine atakaa.

Likizo haiko mbali, msomaji. Kalamu na karatasi unazo. Bisha hodi mapema, na ukikaribishwa, usisahau viatu.